Hofu ya Umati: Historia Fupi kwa Ajili ya Siku za Sikukuu



Kila Kamati inapotangaza sherehe, sisi walimu huulizwa na wazazi: "Mwalimu, watoto watakaa upande gani? Pa kutokea ni wapi?" Wengine huwabakiza watoto nyumbani kabisa. Wageni huweza kudhani ni kukosa shukrani. Sivyo. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tumeona vema tueleze unyasi huo ni upi.

Tuanzie Kigali. Aprili 1994, wiki ile ile iliyofuata Pasaka, watu walikimbilia makanisa na shule, kwa sababu katika machafuko ya zamani makanisa yaliwaokoa wengi. Safari hii wauaji waliwafuata humo humo, kama Ntarama na Nyamata. Kicukiro, katika shule ya ufundi iliyoitwa ETO, watu wapatao 2,000 walijikusanya karibu na askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka, na siku hiyo hiyo wengi wa watu wale wakauawa. Lakini Remera, katika Uwanja wa Amahoro, maelfu walibaki chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, na ingawa makombora yaliuangukia uwanja huo, wengi waliokoka.

Mwaka 1997 zamu ikawa ya wakimbizi. Kambi ya Mudende, karibu na Gisenyi, iliyokuwa na watu waliotoka Kongo, ilishambuliwa Agosti, kisha tena Desemba, wiki mbili kabla ya Noeli. Mamia walikufa. Waliobaki walihamishiwa Gihembe, mbali na mpaka.

Baadaye likaja guruneti. Aprili 2008, katika juma la maombolezo, guruneti lilirushwa kwenye jumba la kumbukumbu la Gisozi na kumwua askari polisi aliyekuwa zamu. Tarehe 19 Februari 2010, siku ya Ijumaa jioni, maguruneti 3 yalilipuka sehemu mbalimbali za Kigali, kituo cha mabasi kikiwa mojawapo. Mengine yalifuata mwaka huo, hata Agosti, siku 2 baada ya uchaguzi wa rais. Septemba 2013, siku chache kabla ya uchaguzi wa wabunge, ilikuwa zamu ya soko la Kimironko. Nani alimtuma nani ni kazi ya mahakama. Sisi tunaandika yaliyowapata raia.

Tazameni saa na mahali: jioni watu wakitoka kazini, sokoni, kituoni, siku za kumbukumbu na za kura. Guruneti huingia mfukoni. Anayelirusha hana haja ya kumjua mtu yeyote. Anahitaji watu wengi pamoja. Na shabaha yake kubwa si wale wanaoanguka pale, bali wote watakaosikia kwenye redio na kesho wakaogopa kwenda sokoni.

Majirani zetu nao wameonja. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam siku moja. Tarehe 11 Julai 2010, Kampala, watu zaidi ya 70 waliuawa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Septemba 2013 Nairobi ililia tena, watu 67 wakiuawa katika jengo la Westgate. Na hapa kuna funzo linalotuhusu sisi hasa. Aprili 2014, baada ya mashambulio mengine, polisi wa Kenya walikamata watu kwa maelfu mtaa wa Eastleigh, wakimbizi wengi wakiwemo, na wakawaweka katika uwanja wa Kasarani. Watu waliokimbia mabomu wakahesabiwa kama warusha mabomu. Ndiyo maana sisi tunaogopa mara mbili: kulipuliwa, na kushukiwa.

Basi tufanye nini? Tukiwa waaminifu kwa historia, tutaona kwamba ETO na Amahoro zote zilikuwa na umati. Tofauti ilikuwa mlinzi aliyeondoka na mlinzi aliyebaki. Kwa hiyo hatuwaambii wazazi waache sherehe. Mtu anayekaa peke yake nyumbani mwaka mzima amekwisha kumpa mrusha guruneti alichokitaka.

Tunaomba mambo matatu. Kamati iweke njia mbili za kutokea na ikague mifuko ya wote, wakubwa kwa wadogo. Mashirika yasiondoke kabla ya watu kutawanyika. Nasi wakazi tukiona mfuko usio na mwenyewe tuseme, lakini tusimnyoshee mtu kidole kwa lugha yake wala kwa sura yake.

Na mama atakayekaa karibu na mlango siku hiyo, tusimcheke. Tumsogezee kiti.