Nafasi za kauli za import

Nafasi za kauli za import ni mpangilio wa mistari mitupu inayotenganisha kauli za import katika msimbo wa programu ya kompyuta. Kauli hizo kwa kawaida huandikwa mwanzoni mwa faili ili kuita maktaba au sehemu nyingine za msimbo zinazohitajika. Mistari mitupu haibadilishi kazi ya programu, bali humsaidia msomaji kuona faili linategemea nini na msimbo wenyewe unaanzia wapi.

== Kanuni katika lugha mbalimbali ==

Katika Python, mwongozo wa PEP 8 wa mwaka 2001 unapendekeza makundi matatu: maktaba za Python yenyewe, maktaba za nje, kisha sehemu za mradi husika. Kati ya kundi na kundi huachwa mstari mtupu.

Katika JavaScript, miradi mingi hutumia ESLint pamoja na nyongeza ya eslint-plugin-import. Kanuni yake ya newline-after-import hudai mstari mtupu baada ya import ya mwisho.

Katika Go, gofmt hupanga kauli kwa alfabeti ndani ya kila kundi, lakini huichukua mistari mitupu ya mwandishi kuwa mipaka ya makundi.

== Utekelezaji ==

Kuna zana za aina mbili. Kikaguzi, kama Flake8, huonyesha kosa na kumwachia mwandishi alirekebishe. Kipangaji, kama Black au isort, huandika upya mistari yenyewe. Kwa kawaida isort huacha mistari miwili mitupu ikiwa kinachofuata ni fanksheni au klasi, na mmoja kwa mengine.

Kubadili mfuatano wa kauli ni jambo tofauti na kubadili nafasi. Python hutekeleza kila import kwa zamu, hivyo mfuatano mpya unaweza kuleta matokeo mapya.

== Umuhimu katika miradi ya kujitolea ==

Pasipo kanuni moja, mtu mmoja huongeza mistari na mwingine huiondoa. Orodha ya mabadiliko hujaa mistari mitupu, na kosa la kweli linaweza kupita bila kuonekana.

Mfano ni Tasking Manager, programu huria ya Humanitarian OpenStreetMap Team inayogawa kazi za kuchora ramani kwa watu wanaojitolea. Msimbo wa upande wa seva umeandikwa kwa Python na hupangwa kwa Black na kukaguliwa kwa Flake8. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza mwaka 2015, hutumia programu hiyo kuchora barabara na vijiji, vikiwemo vya mkoa wa Mara zilipo wilaya za Tarime na Serengeti. Ramani hizo husaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji na kuwapeleka katika nyumba salama, kama ile ya Mugumu wilayani Serengeti.

Wanaoboresha programu za aina hiyo huishi nchi mbalimbali na wengi hawajawahi kuonana. Nafasi zikiwa zimeshapangwa na zana, anayekagua kazi ya mwenzake hubaki kuangalia jambo moja tu: kama programu inafanya kazi ipasavyo.