Sindano ya Kabla ya Kisu

Miaka ya 1950, penisilini ikiwa bado inasifiwa kila kona, madaktari wengi wa upasuaji walimngoja mgonjwa atoke kwenye operesheni ndipo waanze kumdunga. Hesabu zilipopigwa, waliodungwa walitunga usaha kwenye mshono kama wasiodungwa. Wapo waliokata shauri kwamba kinga ya namna hiyo ni kupoteza dawa bure.

John Burke, daktari wa upasuaji wa Boston, alishuku saa badala ya dawa. Alikuwa amefanya utafiti London pamoja na Ashley Miles, mkuu wa Taasisi ya Lister, na mwaka 1957 walionyesha kwamba mwili hupigana na bakteria vilivyo katika saa chache za mwanzo tu. Zikishapita, ukubwa wa kidonda umekwisha kuamuliwa. Basi kama mwili una saa zake, dawa je?

Jibu lilitoka mwaka 1961, kwenye ngozi ya simbilisi. Burke aliwadunga stafilokokasi, na penisilini akawapa kwa nyakati mbalimbali, wengine kabla ya bakteria, wengine baada. Waliotangulizwa dawa walibaki na uvimbe mdogo, kana kwamba bakteria wale walikuwa wamekufa tangu awali. Kadiri alivyochelewa, ndivyo uvimbe ulivyokua, na waliongojeshwa saa tatu walivimba sawa na wasiopewa kitu. Sijui majaribio mengi yaliyosema mengi hivyo kwa vifaa vichache hivyo.

Kwa binadamu ushahidi ulikuja polepole. Mwaka 1969 Hiram Polk na mwenzake walionyesha kwamba dawa ikitangulia kisu, usaha hupungua sana kwa wanaopasuliwa tumbo. Uliotia muhuri ni utafiti wa Salt Lake City wa mwaka 1992, wa wagonjwa 2,847. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa, asilimia 0.6 tu waliambukizwa. Waliopewa baadaye sana, asilimia 3.3. Na waliowahishwa mno, zaidi ya saa mbili kabla? Asilimia 3.8, maana kisu kilipofika dawa ilikuwa imeshaanza kuisha mwilini.

Mazoea, hata hivyo, hayasomi majarida. Katika hospitali ya Thika, Kenya, karibu kila aliyepasuliwa alipewa antibiotiki baada ya operesheni, na karibu hakuna aliyepewa kabla, mpaka hospitali na watafiti walipoandika mwongozo wao wenyewe. Ndani ya wiki chache tu, sindano ya kabla ikawa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: gharama za dawa zilishuka, na wauguzi wakapunguziwa mzunguko wa sindano wodini.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliweka kanuni yake: dawa itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe operesheni ikiisha. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi. Muuguzi hahitaji kuelezwa sana kwa nini adunge mapema. Anayehitaji maelezo ni ndugu wa mgonjwa, anayeuliza mbona mtu wake ametoka kupasuliwa na hapewi dawa.