Pete za Miti, Mashapo ya Ziwa na Majina ya Njaa: Juu ya Kuipa Tarehe Historia ya Ukame Katika Nchi ya Goma

Mwanahistoria anayetaka kuandika habari za Kivu ya Kaskazini kabla ya mwisho wa karne ya 19 hukabiliwa kwanza na uhaba wa tarehe. Maandishi ya wageni juu ya eneo hilo ni haba kabla ya mwaka 1894, pale ofisa wa Kijerumani, Adolf von Götzen, alipofika Ziwa Kivu na kuupanda mlima Nyiragongo. Vipimo vya mvua vilianza kuwekwa katika karne ya 20. Kabla ya hapo kuna simulizi: orodha za watawala, safari za koo, na njaa zilizopewa majina. Maadamu njaa kubwa aghalabu hufuata ukame, na ukame huacha alama katika maumbile, wataalamu kadhaa wamedhani kwamba maumbile yenyewe yanaweza kuzipatia simulizi tarehe zinazokosekana. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo, hasa kuhusu pete zinazoonekana ndani ya shina la mti uliokatwa. Yatakayodaiwa ni kwamba katika nchi ya Goma njia ya pete ina vikwazo vingi kuliko inavyosemwa na wanaoisifu, ila si njia iliyofungwa.

Taaluma hii, yaani dendrokronolojia, ilianzishwa na mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa miti. Andrew Ellicott Douglass alikuwa mnajimu wa kisayansi huko Arizona, Marekani, na alichokitafuta mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa ushahidi wa madoa ya jua. Aligundua kwamba misonobari iliyoota mahali mbalimbali ilikuwa na pete nene na nyembamba zilizofuatana kwa mpangilio uleule, kwa sababu miti yote ilipata mvua ileile na kukumbwa na kiangazi kilekile. Mwaka 1929, katika kijiji cha Show Low, lilipatikana gogo lililopewa alama HH-39, ambalo pete zake ziliunganisha mlolongo wa miti hai na ule wa boriti za majengo ya kale. Kwa siku moja magofu kama Pueblo Bonito yakawa na tarehe. Mwaka 1937 ikaundwa maabara ya pete za miti katika Chuo Kikuu cha Arizona, Tucson. Jambo la kuzingatia ni kwamba Douglass hakuhesabu tu. Kuhesabu pete kunaweza kufanywa na mtoto. Kulinganisha mpangilio wa mti huu na wa ule, hata pete iliyokosekana au iliyozaliwa mara mbili ijulikane, ndiko kunakoifanya kazi hii kuwa taaluma.

Msonobari wa Arizona una majira ya baridi yanayoulazimisha kulala mara moja kila mwaka. Goma iko takriban digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni mvua, nayo hunyesha kwa misimu miwili: kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Kati yake kuna ukavu mrefu wa Juni hadi Agosti na mwingine mfupi wa Januari na Februari, ambao miaka mingine haujitokezi kabisa. Je, mti katika nchi ya namna hii hulala mara moja, mara mbili, au haulali? Jibu hutegemea aina ya mti, udongo, na wakati mwingine mti wenyewe. Ian Gourlay, aliyechunguza migunga ya sehemu mbalimbali za Afrika, alionyesha mwaka 1995 kwamba mahali penye misimu miwili ya mvua migunga huweza kuweka pete mbili kwa mwaka. Mtu asiyelijua hilo atampa mti wa miaka 60 umri wa miaka 120, na kosa hilo likihamia katika historia huzaa ukame ambao haukuwahi kutokea.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa misitu waliamini kwamba miti ya tropiki haina pete zenye maana. Imani hiyo ilidumu ijapokuwa ushahidi kinyume chake ulikuwapo: huko Java, Coster alikuwa amezieleza pete za miti mingi katika miaka ya 1920, na mwaka 1931 Berlage akachapisha mlolongo wa pete za msaji unaorudi nyuma hadi 1514. Kwa Afrika, hatua kubwa ilipigwa na Mfaransa Alain Mariaux mwaka 1967. Mbinu yake ni rahisi kueleza. Hufunguliwa dirisha dogo katika gome la mti hadi kuifikia kambiamu, yaani ule utando mwembamba unaozalisha mbao mpya. Jeraha hupona lakini kovu hubaki ndani, likiwa na tarehe inayojulikana. Mwaka unaofuata hufunguliwa dirisha jingine, na jingine mwaka wa tatu. Mwishowe mti hukatwa, na kati ya kovu na kovu huonekana wazi kama pete ni moja, mbili au hakuna. Mbinu hii huutaka mti uulizwe swali lake wenyewe badala ya kulazimishwa kufuata kawaida za Ulaya. Gharama yake ni muda: mtafiti sharti aurudie mti uleule mwaka hadi mwaka.

Mafanikio makubwa zaidi yamepatikana kusini, katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua. Mninga, mti ambao msomaji wa Tanzania anaujua kwa vitanda na milango kuliko kwa sayansi, umekuwa shahidi mwaminifu. Nchini Zimbabwe, David Stahle na wenzake walithibitisha mwaka 1999 kwamba pete za mninga zinaweza kulinganishwa na kupewa tarehe, na mwaka 2006 Matthew Therrell na wenzake wakachapisha historia ya mvua ya nchi hiyo kwa takriban miaka 200, tangu mwishoni mwa karne ya 18. Yamkini ofisi nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki zina meza zenye kumbukumbu ya mvua ambayo hakuna aliyeisoma.

Kwa upande wa Kongo hazina ipo, ila imetawanyika. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana mkusanyiko wa sampuli za mbao zaidi ya 50,000, nyingi zikiwa zimetoka Kongo. Huko Yangambi, kwenye kingo za Mto Kongo, watumishi wa taasisi ya kilimo ya INEAC waliandika kati ya 1937 na 1958 hali ya mamia ya aina za miti: lini ulipukutisha majani, lini ulichanua, lini ulizaa. Madaftari hayo yalisahauliwa kwa miongo mingi, kisha yakaanza kunakiliwa katika karne ya 21. Thamani yake kwa elimu ya pete ni kubwa, kwani pete haiwezi kufasiriwa bila kujua mti hupumzika lini. Kivu nayo ilikuwa na vituo vyake vya utafiti, cha Mulungu na cha Lwiro, lakini vyote viwili viko upande wa Bukavu. Goma haikupata chake cha miti. Ilipata cha volkeno.

Na huenda volkeno ndiyo itakayousaidia mji huo. Mito ya lava ya Nyiragongo na Nyamuragira ina tarehe zinazojulikana: ile ya Rumoka ya 1912, ile ya Nyamuragira iliyoanza 1938 na kuingia Ziwa Kivu, ile ya Nyiragongo ya Januari 1977, ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji, na ya Mei 2021. Juu ya mwamba mpya huanza kuota kuvu-mwani wenye rangi ya kijivu wa jenasi ya Stereocaulon, kisha kangaga, kisha vichaka, na baada ya miongo kadhaa miti. Hapa mtafiti hupewa na maumbile kile ambacho Mariaux alilazimika kukitengeneza kwa kisu. Mti ulioota juu ya lava ya 1938 hauwezi kuwa na umri unaotangulia mwaka huo. Ukikutwa na pete nyingi kuliko miaka iliyopita tangu lava ipoe, ni dhahiri kwamba unaweka zaidi ya pete moja kwa mwaka. Ukikutwa na chache, hoja haijathibitishwa, kwa kuwa haijulikani mbegu ilichelewa miaka mingapi. Kipimo hiki basi hukata upande mmoja tu; hata hivyo upande huo ndio hasa unaohitajika, kwani hatari ya Goma ni kuhesabu kupita kiasi.

Kabla pete hazijaweza kusema, wanahistoria wa nchi za maziwa makuu walikuwa wamekwisha kutafuta saa nyingine. Mwaka 1979 J. B. Webster alihariri kitabu juu ya tarehe, uhamaji na ukame katika nchi hizo. Humo majina ya njaa ya makabila mbalimbali yalilinganishwa na vina vya Mto Naili vilivyopimwa kwa karne nyingi kwenye nguzo ya Roda, Kairo. Hoja ilikuwa kwamba Naili inapokuwa chini kabisa, maji yake hutegemea zaidi maziwa ya ikweta kuliko milima ya Uhabeshi. Kwa hiyo kina cha chini Roda ni dalili ya ukame kwenye maziwa. Ulikuwa ujasiri wa kusifiwa. Lakini kati ya ziwa na nguzo kuna safari ya maelfu ya kilomita na mabwawa makubwa ya Sudi, na nguzo moja haiwezi kueleza ni bonde lipi lililokauka. Zaidi ya hayo, maji ya Ziwa Kivu hayaendi Naili kamwe. Hushuka kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika na kuishia Mto Kongo.

Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walitoa ushahidi ulio karibu zaidi, wa mashapo ya ziwa dogo la kreta lililo kando ya Naivasha, Kenya. Walionyesha kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi nchi hiyo ilikuwa kavu kuliko leo, kisha ikawa na unyevu hadi karibu 1850, isipokuwa vipindi vitatu vya ukame mkali: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Waliona pia kwamba tarehe hizo zinaafikiana na simulizi za njaa na uhamaji. Wengi walizipokea kana kwamba ni kalenda ya Afrika Mashariki nzima. Ndipo mwaka 2007 James Russell na Thomas Johnson wakachapisha matokeo ya Ziwa Edward, lililo kaskazini mwa Goma ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kati ya 1400 na 1750 hivi, wakati Naivasha kwa jumla ikiwa na maji mengi, Edward ilikuwa katika ukame. Mashariki na magharibi ya bonde la ufa hazikuwa na hali moja. Kwa hiyo mwandishi wa historia ya Kivu anayeazima tarehe za Naivasha huazima mvua ya watu wengine.

Hata ukame ukijulikana, njaa bado ni jambo jingine. Miongoni mwa wasemaji wa Kinyarwanda wa pande zote mbili za mpaka, njaa tatu za karne ya 20 hukumbukwa kwa majina: Rumanura ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Rwakayihura ya 1928–29, na Ruzagayura ya 1943–44. Ya kwanza haielezeki bila majeshi yaliyopita na kuchukua chakula na watu. Ya tatu ilichanganya ukame, ugonjwa wa viazi na madai ya uchumi wa vita. Mti ungeandika sehemu ya mvua tu, na Rumanura huenda ingeonekana ndani yake kama miaka ya kawaida. Simulizi na shina la mti havishuhudii tukio moja.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Katika Kivu tarehe ya kufika imekuwa hoja ya ardhi na ya uraia. Sheria ya 1981 ilifungamanisha uraia na kuwapo kwa wahenga katika nchi hiyo mwaka 1885. Ile ya 2004 iliusogeza mpaka huo hadi 1960. Watu wengine walihamishwa na serikali ya kikoloni kutoka Ruanda hadi Masisi kuanzia 1937, wengine walikuwapo zamani zaidi, na simulizi za uhamaji wao hutaja njaa. Anayeifunga njaa fulani na mwaka fulani kwa ushahidi wa ziwa la Kenya anaweza, pasipo kukusudia, kumpa mtu silaha dhidi ya jirani yake.

Wakati huohuo malighafi ya utafiti inateketea. Katika Kiswahili cha Goma neno makala humaanisha mkaa, na pengine ni katika umbo hilo miti mingi mikongwe ya Virunga imeingia mjini, hasa tangu mamia ya maelfu ya wakimbizi walipofika Julai 1994. Mkaa wenyewe si bubu: muundo wa mbao hubaki ndani yake, na Wannes Hubau ameutumia mkaa wa kale uliofukiwa udongoni kutambua aina za miti ya Mayombe, magharibi mwa Kongo. Lakini kipande cha mkaa hakina pete za kutosha kuunda mlolongo.

Madirisha ya Mariaux yanahitaji miaka ya amani, na mji wa Goma ulitekwa na M23 Novemba 2012 na tena Januari 2025. Kuna njia nyingine inayofaa zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni ya mnururisho hewani hadi kilele katikati ya miaka ya 1960, kisha ikapungua mwaka hadi mwaka, na kila mti uliokuwa hai uliihifadhi kwenye mbao zake. Kwa kupima pete chache za kipande chembamba kilichotobolewa shinani, bila kuukata mti, hujulikana kama hesabu ya pete ni ya kweli. Kwa kazi hiyo mtafiti huufikia mti mara moja tu.