Nini, Wapi na Lini: Panya katika Majaribio ya Kumbukumbu ya Matukio

Panya aliingia katika maabara za saikolojia mwanzoni mwa karne ya 20, pale Willard Small wa Chuo Kikuu cha Clark, Marekani, alipowajengea wanyama hao mzingile, yaani mfumo wa vijia vinavyopoteza, kwa kufuata mpango wa ule wa bustani ya Hampton Court, Uingereza. Lakini kwa miongo mingi swali lilikuwa moja tu, kama panya amejifunza njia au la, wala hapakuonekana haja ya kuuliza kama anakumbuka siku aliyoipita.

Swali hilo la pili lilipata umbo mwaka 1972, Endel Tulving, mwanasaikolojia mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Toronto, alipotenganisha kumbukumbu ya maarifa, ambayo ni ujuzi wa jumla usiofungamana na siku wala mahali, na kumbukumbu ya matukio, ambayo humrudisha mtu kwenye jambo lililompata mwenyewe. Tulving alishikilia baadaye kwamba aina hii ya pili ni ya binadamu peke yake, na haikuwa rahisi kumpinga, kwa kuwa ushahidi wake mkuu ni masimulizi, na panya hasimulii.

Njia ya kuuzunguka ugumu huo ilipatikana kwa ndege. Mwaka 1998 Nicola Clayton na Anthony Dickinson walionyesha kwamba ndege fulani wa jamii ya kunguru, wenye desturi ya kuficha chakula, walikumbuka walificha nini, wapi na muda gani uliopita: baada ya saa 4 walifukua viwavi wanaowapenda, ilhali baada ya saa 124, viwavi wakiwa wameshaoza, waliziendea karanga. Hisia za ndani za ndege hazikupimika, hivyo watafiti hao waliiita hali hiyo kumbukumbu inayofanana na ya matukio, na tahadhari hiyo, pengine kuliko ugunduzi wenyewe, ndiyo iliyowafungulia mlango watafiti wa panya.

Chombo cha kupimia kilikuwapo tayari, nacho ni mzingile wa vijia 8 vinavyotoka kwenye jukwaa la katikati kama spoki za gurudumu, ambao David Olton na Robert Samuelson waliutumia mwaka 1976. Stephanie Babb na Jonathon Crystal, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005 na 2006, waliweka chokoleti katika kijia kimojawapo, kisha wakapanga kwamba panya anayerudishwa baada ya muda mrefu aikute tena, na anayerudishwa baada ya muda mfupi akute patupu. Panya walijifunza kukiendea kijia hicho pale tu muda ulipokuwa mrefu. Na chokoleti ilipoambatanishwa na litiamu kloraidi, kemikali inayochafua tumbo, walikiepuka, ishara kwamba walijua kilichokuwamo.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa mwaka 2008 na William Roberts na wenzake nchini Kanada, waliotumia jibini badala ya chokoleti na kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa, yaani tukio lilitokea lini na limepita muda gani. Panya wao walifuata muda uliopita, si saa ya tukio. Na kwa kweli kumbukumbu inayofifia kidogo kidogo yatosha kumwambia mnyama kwamba jambo ni la zamani, bila yeye kulipanga popote katika wakati. Madeline Eacott na Gillian Norman walikuwa wamekwisha kulikwepa tatizo hilo mwaka 2004 kwa kuweka mandhari ya tukio mahali pa wakati, ingawa suluhisho lao liliacha suala la wakati bila jibu.

Wenyi Zhou na Crystal walilirudia suala hilo mwaka 2009. Safari hii muda kati ya panya kuingizwa mara ya kwanza na kurudishwa haukubadilika, bali kipindi kiliendeshwa asubuhi au mchana, na chokoleti ilirudishwa katika kimoja tu cha vipindi hivyo. Panya waliweza kuvitofautisha. Kwa kuwa wangeweza kuwa wanahesabu tu muda tangu taa za chumba zilipowaka, taa hizo ziliwashwa mapema kuliko kawaida, na bado panya walichagua kwa kufuata wakati wa siku.