Mbega na Mwenda kwa Miguu

Msomaji, ukishuka kutoka Ukunda kwenda pwani ya Diani, utaifikia barabara iendayo sambamba na bahari. Upande wa mashariki ziko hoteli na mchanga mweupe. Upande wa magharibi ziko njia za kwendea majumbani kwa watu wengi ambao riziki yao imo katika hoteli hizo. Simama hapo kidogo, kisha inua macho. Mahali mahali utaona ngazi zimetundikwa juu ya barabara, kutoka mti hadi mti. Ngazi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya watu. Ziliwekwa kwa ajili ya mbega.

Habari yake ni hii. Mbega ni mnyama wa mitini. Barabara ilipoupasua msitu wa Diani, ilimlazimu ashuke chini ili avuke, na huko chini hana wepesi wa kukwepa magari. Wengi walikufa. Mwaka 1997 watu waliohuzunishwa na vifo hivyo waliunda chama cha kuwahifadhi. Hawakumlaumu mbega kwa kutojua sheria za barabarani. Walimtundikia njia mahali alipokuwa akivukia. Kisha ikaonekana kwamba ngazi zilizowekwa kwa ajili ya mbega zilitumiwa na kima na tumbili pia.

Yashike mambo hayo mawili: njia iliwekwa palipokuwa na haja, na njia iliyowekwa kwa ajili ya mwenye taabu ikawafaa na wengine. Historia ya miji ya dunia imefundisha mambo hayo hayo, nayo imeyafundisha kwa gharama kubwa.

Haja ya kumtenga mwenda kwa miguu na magurudumu ni ya kale. Katika mji wa Pompeii, nchini Italia, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, njia za pembeni zilizoinuliwa zingaliko hata leo. Yako pia mawe makubwa ya kukanyagia yaliyopangwa kukata barabara, na kati ya jiwe na jiwe iliachwa nafasi ya kupita magurudumu ya mikokoteni.

Motokaa ilipokuja, hatari ilizidi. Nchini Uingereza, mwaka 1934, watu zaidi ya 7,300 waliuawa barabarani, na karibu nusu yao walikuwa wakitembea kwa miguu. Waziri Leslie Hore-Belisha aliweka penye vivuko nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa. Mwaka 1951 ikaongezwa milia myeupe na myeusi iliyopewa jina la punda milia, nayo sasa imeenea duniani kote.

Lakini milia humfaa aonaye, na ukingo ulioinuliwa humfaa awezaye kunyanyua mguu. Je, asiyeweza? Katika mji wa Kalamazoo, Marekani, mwanasheria Jack Fisher, aliyepata ulemavu katika Vita vya Pili vya Dunia, aliwaendea wakuu wa mji mwaka 1945. Aliwaonyesha kwamba ukingo wa kimo kisichofika hata shubiri moja ni kama ukuta kwa mtu aliye katika kiti cha magurudumu. Kingo zikachongwa mteremko penye pembe za njia. Miteremko ya namna hiyo ilipoenea katika miji mingine, waliofurahi hawakuwa wenye viti peke yao, bali na akina mama wenye watoto wachanga, na wachukuzi wa mizigo.

Kule Japani, mwaka 1965, Seiichi Miyake alibuni matofali yenye vinundu ambayo asiyeona huyatambua kwa unyayo na kwa fimbo yake. Yalilazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Nasi tunayo shule ya wasioona pale Likoni, mwanzo wa barabara hii yetu iendayo Ukunda, Msambweni hadi Lunga Lunga. Fikiri, basi, jinsi uvumbuzi ule unavyotuhusu.

Wala sheria haikukosekana kwetu. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa watu wenye ulemavu haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, na mwaka 2025 ikafuatwa na sheria mpya. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, imewahakikishia haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri. Hata hivyo, barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na kundi lililo kubwa kupita yote katika hao ni waendao kwa miguu.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Walisema kweli, lakini walikuwa wakizungumza juu ya njia iliyo nzima. Mtaro usio na kifuniko, nguzo iliyosimama katikati ya kijia, pikipiki zilizoegeshwa: wewe utavizunguka bila ya kufikiri. Bibi kizee mwenye mkongojo atalazimika kushuka barabarani, kama mbega aliyekatiwa matawi yake.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ghali. Mteremko uchongwao siku njia inapojengwa huongeza gharama ndogo. Kilicho ghali ni kuibomoa njia iliyokwisha kujengwa vibaya, na ghali kuliko hilo ni mazishi.

Basi, msomaji, kesho utokapo shuleni, tembea hadi kituo cha matatu ukihesabu mahali ambapo asiyeona au mwenye kiti cha magurudumu angezuiliwa. Andika hesabu hiyo, kisha mpelekee mwakilishi wa wadi yako. Mbega hakuweza kusema, na bado alipewa njia.