Jeddah na Riyadh: Ni nani aliyeunyamazisha udi?

Hoja kwamba muziki wa pop kutoka Marekani na Ulaya unameza tamaduni za wenyeji ni ya siku nyingi, na katika miaka ya karibuni Saudi Arabia imekuwa ikitajwa kuwa mfano. Mwezi Mei mwaka 2017 mwimbaji wa Kimarekani Toby Keith alitumbuiza mjini Riyadh mbele ya hadhira ya wanaume watupu. Mwaka 2019 Janet Jackson na 50 Cent walipanda jukwaani Jeddah, na mwezi Disemba mwaka huo huo vijana walimiminika mjini Riyadh kwenye tamasha la MDLBeast kuwasikiliza ma-DJ wa kimataifa. Yapo basi ya kuhofia. Hata hivyo, historia ya miji hiyo miwili inasimulia jambo jingine.

Tuanzie Jeddah. Kati ya mwaka 1906 na 1909, kupitia ubalozi mdogo wa Uholanzi mjini humo, sauti za Hijazi zilinaswa kwenye silinda za nta kwa ajili ya msomi wa Kiholanzi Christiaan Snouck Hurgronje. Silinda hizo zimehifadhiwa Leiden hadi leo. Huko Zanzibar, wakati huo kundi la Nadi Ikhwan Safaa, lililoundwa mwaka 1905, lilikuwa likiimba taarabu kwa Kiarabu. Mlinganisho huu si wa bure. Jeddah nayo ni bandari, tena mlango wa mahujaji, na kwa karne nyingi imewapokea watu wa Yemen, Misri, India, Java na Afrika pamoja na ngoma zao. Anayetafuta katika mji kama huo muziki wa wenyeji usiochanganyika na wa wageni atatafuta sana.

Hijazi ilipotekwa na Mfalme Abdulaziz, na Jeddah kusalimu amri mwezi Disemba 1925, mambo yalianza kubadilika. Katika hija ya mwaka 1926 wapiganaji wa Ikhwan kutoka Najd walikasirishwa na sauti ya baragumu za askari wa Misri waliousindikiza Mahmal, yaani kile kibanda kilichopambwa na kubebwa na ngamia katika msafara wa mahujaji. Mawe yalirushwa, Wamisri wakajibu kwa risasi, na watu wakapoteza maisha. Uhusiano wa nchi hizo mbili ulivunjika kwa takriban miaka kumi.

Ajabu ni kwamba ni katika jeshi la Saudia lenyewe ambamo muziki mpya wa nchi hiyo ulipata mlezi. Tariq Abdulhakeem, askari kutoka Taif, alipelekwa Misri mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusomea muziki, na aliporejea alianzisha mafunzo ya muziki jeshini. Yeye pamoja na waimbaji waliomfuata, akina Talal Maddah na Mohammed Abdu, walizichukua nyimbo za Hijazi na Najd wakazipanga kwa ajili ya okestra yenye fidla nyingi kwa mtindo wa Cairo. Noti na fidla hizo asili yake ni Ulaya. Hakuna aliyesema kwamba Hijazi imemezwa.

Pigo lilikuja baada ya tarehe 20 Novemba 1979, pale Juhayman al-Otaybi na wafuasi wake walipouteka Msikiti Mkuu wa Makka. Uasi huo ulizimwa baada ya wiki mbili, lakini dola iliwaachia wahafidhina nafasi kubwa zaidi katika maisha ya hadhara. Muziki haukufundishwa katika shule za serikali. Matamasha yalikuwa nadra, na mjini Riyadh takriban hayakuwepo, ukiacha tamasha rasmi la Janadriyah lililoanza mwaka 1985. Mwimbaji Etab aliendeleza kazi yake Misri, na huko ndiko alikofariki mwaka 2007.

Ni nani basi aliyezihifadhi nyimbo? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, nyuma ya kuta. Katika arusi za Najd na Hijazi, ambako wanawake husherehekea peke yao, waliitwa wapiga ngoma wa kulipwa wanaojulikana kwa jina la tagagat. Wengi wao ni wa asili ya Kiafrika, vizazi vya watu walioletwa utumwani au waliobaki baada ya hija. Msikilizaji wa pwani yetu atawakumbuka hapa mashangazi wenye vigoma na msondo. Kiongozi huanza, wenzake huitikia, na bibi arusi hutajwa kwa jina. Hawakuwa na chuo wala ruzuku. Binti alijifunza kwa kukaa karibu na mama yake, na kazi hiyo, ambayo familia zenye jina ziliibeza, ndiyo iliyovusha hazina hiyo katika miongo ya ukimya.

Wakati huo huo muziki wa Magharibi uliingia kwa kaseti, kisha kwa madishi ya satelaiti. Kituo cha MBC, kinachomilikiwa na Wasaudia, kilianza kurusha matangazo yake kutoka London mwaka 1991. Mwaka 2008 wanafunzi wa kike wa Jeddah walijulikana duniani kwa bendi yao ya roki, The Accolade, ambayo haikuweza kupiga hadharani. Katika miaka hiyo hiyo Qusai, rapa aliyekulia Jeddah, alikuwa mtangazaji wa kipindi cha hip hop kwenye MTV Arabia. Vijana hao walizifikia gitaa za Marekani kwa urahisi kuliko mwalimu wa udi.

Mwezi Aprili 2016 polisi wa kidini walipokonywa mamlaka ya kukamata watu, na mwezi uliofuata ikaundwa Mamlaka Kuu ya Burudani. Milango ilifunguliwa kwa ghafla na kwa fedha nyingi. Kualika nyota kutoka ng'ambo ni kazi ya mkataba na hundi. Kumpata mpigaji simsimiya stadi huchukua miaka, na miaka hiyo ilikuwa imekwisha kupotea kabla Janet Jackson hajatua Jeddah.

Serikali imejitahidi kwa upande wake. Ardha ya Najd iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2015, na mizmar ya Hijazi, ngoma ya fimbo, ikafuata mwaka 2016. Mwaka 2020 iliundwa Kamisheni ya Muziki chini ya Wizara ya Utamaduni. Ardha na mizmar zote ni ngoma za wanaume. Wakati huo, katika kumbi za arusi, tagagat wanagawana usiku na DJ wa kike mwenye kompyuta, ambaye ana nyimbo zote za Ghuba, Cairo na Los Angeles, na ambaye hahitaji kundi la waitikiaji.