Mbiti na Jirani Yetu

Wapendwa waamini, juma hili ningependa tutafakari pamoja juu ya neno tunalolitamka kwa wepesi mno: fisi, au mbiti kama asemavyo Msukuma.

Kiswahili hakikumwonea huruma mnyama huyu. Mlafi huitwa fisi. Mwenye tamaa hufananishwa na yule aliyeshindwa na njia mbili. Asiyeaminika na mali, twasema, ni fisi aliyekabidhiwa bucha. Hayo twayasema kwa mzaha. Lakini huku kwetu Bariadi, na Simiyu yote, mfano huo umebeba uzito mwingine. Wengi katika wazee wetu waliamini kwamba fisi wa usiku ana mwenyewe. Kwamba mchawi humfuga na kumpanda aendapo kudhuru watu. Hivyo kumhusisha mtu na fisi hakukuwa kumsema tabia tu, bali kumshitaki.

Historia yatuonyesha shutuma hizo zilitufikisha wapi. Zamani kaya za Kisukuma zilitawanyika, kila moja kati ya mashamba na malisho yake. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji iliwakusanya watu kwa haraka, na mtafiti Simeon Mesaki ameeleza jinsi ujirani huo wa ghafla ulivyochochea shuku. Kati ya mwaka 1970 na 1984, hesabu za serikali zilionyesha zaidi ya watu 3,600 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa walikuwa wa Usukumani.

Na ushahidi ulikuwa nini? Mara nyingi macho mekundu ya bibi mzee. Lakini mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni, mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Wekundu ule ulikuwa alama ya kuwalisha watoto wake, nao wengine wakausoma kuwa alama ya kuwala.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata fisi mwenyewe alisingiziwa. Katika miaka ya 1960, mtaalamu Hans Kruuk alimfuatilia fisi madoadoa usiku kwa usiku huko Serengeti na Ngorongoro, si mbali na mkoa wetu. Aligundua kwamba mnyama tuliyemdhania mwoga na mla mizoga huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Na kule Ngorongoro, mara nyingi ni simba aliyemnyang'anya fisi windo lake. Watu walifika alfajiri, wakamkuta simba juu ya mzoga na fisi pembeni, wakahukumu kwa walichokiona asubuhi. Ya usiku hawakuyaona.

Wapendwa, ndivyo tunavyohukumiana. Amri ya Nane haikutungwa kwa ajili ya mahakamani tu. Yatuhusu msibani, kisimani na gulioni, pale mtoto anapofariki na mtu mmoja ananong'ona jina la jirani. Anayenong'ona huenda asishike panga kamwe, lakini ameshaonyesha mlango.

Juma hili, ukisikia mnong'ono wa namna hiyo, uzime. Kisha nenda mchana kweupe kwa bibi yule anayeogopwa. Mpelekee maji, keti naye, na watu wakuone umeketi.

Mungu awabariki nyote.